Madaftari Sita, Saa Mbili

Saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi, kengele ya mstarini bado. Chini ya mwarobaini wa shule moja ya kata hapa Tanga mjini wanafunzi wamechuchumaa duara, kaunta buku moja ya Hesabu iko katikati, kalamu zinakimbia. Hakuna anayesoma swali. Macho yote yako kwenye majibu.

"Shoga, geuza."

"Ngoja mwaya, sijafika."

Kengele inalia, madaftari yanafungwa, mbio mstarini.

Muulize mmoja wao jana usiku alikuwa wapi. Hakwenda shereheni wala hakulala mapema. Alikaa mkekani mpaka saa 4 na nusu akinakili noti za Historia, kurasa 6, mwandiko wa kuvutia, vichwa vya habari kwa wino mwekundu.

Hilo ndilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Tumezoea kusema watoto hawa wavivu, simu zimewaharibu. Huyu hakuwa mvivu. Nguvu zake zote za usiku alizimalizia kwenye daftari ambalo halikuwa na haraka wala faida kubwa. Asubuhi akakopi Hesabu, na Ijumaa ana jaribio la Kemia ambalo hajalifungulia hata ukurasa mmoja.

Kwa nini Historia?

Anayechapa hutangulia

Jibu watoto wanalitoa bila kusita: mwalimu wa Historia anakagua madaftari, na asiye na noti kamili anakiona cha moto. Wa Hesabu naye mkali, lakini kwake ukionyesha majibu umepona, na majibu yanapatikana chini ya mwarobaini. Wa Kemia mpole.

Kwa hiyo vipaumbele vipo, tena vimepangwa kwa makini. Vimepangwa kwa ukali wa mwalimu. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko 4 na zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, lakini mwanafunzi hapangi usiku wake kwa kusoma kanuni. Anaupanga kwa kukumbuka nani aliingia na fimbo wiki iliyopita.

Hapa ndipo mashauri mengi ya "jipangie ratiba" yanapokwama. Yanamchukulia mtoto kama mtu asiye na mpango. Anao. Ukitaka aubadilishe, mpe mwingine ambao nao utamkinga na fimbo. La sivyo atakuitikia "sawa mwalimu", na usiku atarudi kwenye noti zilezile.

Dakika 110

Tuhesabu muda kwanza. Mwanafunzi wa kutwa wa kidato cha tatu, anakaa Makorora. Shule inatoka karibu na saa 9, saa 10 anatakiwa chuoni kwa maalimu kusoma Kurani, anarudi magharibi inaadhiniwa. Kuna maji ya kuteka na vyombo vya kuosha, na akiwa msichana kuna nazi ya kukuna. Chakula, kisha isha. Anapokaa mkekani ni saa 2 usiku, na saa 4 taa inazimwa, ama kwa sababu ya uniti za LUKU ama kwa sababu saa 11 alfajiri ataamshwa. Toa dakika 10 za kuitwaitwa. Zinabaki 110.

Anayekwenda tuisheni badala ya chuo hana nafuu yoyote, anarudi na mazoezi mengine.

Sasa Jumanne moja ya kawaida:

Hesabu, maswali 10 ya takwimu, kukusanya kesho: dakika 40.
Biolojia, mchoro wa figo na majina ya sehemu zake, kesho: dakika 25.
Kiswahili, maswali 5 ya sarufi, kesho: dakika 15.
Historia, kunakili kurasa 6, ukaguzi Alhamisi: dakika 60.
Kiingereza, insha ya ukurasa mmoja na nusu, Ijumaa: dakika 50.
Kemia, jaribio la dhana ya moli, Ijumaa: dakika 60.

Jumla dakika 250. Jumanne, Jumatano na Alhamisi zinampa dakika 330. Kwa karatasi mambo yanatosha, na kuna chenji ya dakika 80.

Mkekani hayatoshi, na sababu ni mbili. Ya kwanza, kesho na keshokutwa walimu watatoa kazi nyingine. Ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Dakika 40 ambazo si 40

Binadamu hupunja makadirio ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makisio ulikuwa siku 33.9. Wastani wa siku walizotumia kweli ulikuwa 55.5. Hawa ni watu wa chuo kikuu, wanaandika kitu kimoja, na wanakijua.

Mtoto wa kidato cha tatu anakosea zaidi kwa sababu anakadiria kuandika na kusahau kila kinachotangulia kuandika. Maswali 10 ya takwimu ni dakika 40 ikiwa rula ipo, ikiwa ukurasa wa mfano uko kwenye noti zake, na ikiwa swali la 6 halimkwamishi. Mchoro wa figo ni dakika 25 ikiwa kitabu hakiko kwa jirani.

Halafu kuna lugha. Kazi ya Jiografia au Biolojia inakuja kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anatumia nusu ya muda kulielewa swali kabla hajaanza kulijibu. Dawa moja inayofanya kazi: kurasa mbili za nyuma za kaunta buku ziwe za maneno ya amri tu, yale yanayofungua maswali ya mitihani, yanayomwambia mtahiniwa aeleze, ataje, alinganishe au atoe sababu. Hayazidi 20. Anayeyajua hafungui kamusi kila swali, na hajibu "taja" kwa aya tatu. Kosa hilo la mwisho peke yake linakula dakika nyingi kuliko simu.

Kwa hiyo kadirio lolote lizidishwe kwa moja na nusu, mpaka mwanafunzi apate kipimo chake mwenyewe. Kipimo kinapatikana kirahisi: pembeni mwa kazi, kwa penseli, anaandika saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Wiki mbili zikipita anajua kwamba Hesabu yake huzidi maradufu na Kiswahili huenda sawa na kadirio. Hapo anaacha kuzidisha kila kitu kwa namba moja.

Turudi Jumanne. Kazi za kesho zilikuwa dakika 80. Mara moja na nusu, zinakuwa 120. Alizonazo ni 110.

Kabla hata ya Historia, Kiingereza na Kemia, usiku umeshajaa na kumwagika.

Fundi baiskeli na wataalamu wa hesabu

Swali la "nianze na ipi" lina wenyewe. Wataalamu wa kupanga kazi viwandani walilifanyia hesabu miaka ya 1950, wakifikiria mashine moja na foleni ya kazi. Mwanafunzi mkekani ni mashine moja yenye foleni.

James Jackson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha mwaka 1955 kwamba ukitaka ucheleweshaji mbaya kuliko wote uwe mdogo kadiri inavyowezekana, panga kwa tarehe ya mwisho: inayokaribia itangulie. Mwaka uliofuata Wayne Smith akaonyesha kwamba ukitaka jumla ya kusubiri ipungue, anza na fupi. Na kama kazi hazilingani uzito, gawa uzito kwa muda, yenye jawabu kubwa itangulie.

Mafundi baiskeli wa Ngamiani wanaifuata kanuni ya Smith bila kuisoma. Pancha ya dakika 10 na kunyoosha rimu kwa saa nzima vikifika pamoja, akianza na rimu mteja mmoja atasubiri dakika 60 na wa pancha 70: jumla 130. Akianza na pancha, ni 10 na 70: jumla 80. Kazi ileile, jasho lilelile.

Mwanafunzi anayeanza na sarufi ya dakika 15 kisha figo, anafanya hivyohivyo, na ana haki. Anaona madaftari mawili yamefungwa, anapata moyo.

Tatizo ni kwamba fundi anafunga duka jioni na rimu itamsubiri kesho. Shuleni kila siku kuna pancha mpya. Mwenye kuanza na fupi kila usiku hatafika kwenye ndefu mpaka siku ya mtihani.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwaka 1968 J. Michael Moore alijibu swali ambalo watunga ratiba wa shule hawapendi kuliuliza: kama kazi zote hazitoshi, ipi iachwe ili zinazochelewa ziwe chache kabisa? Njia yake fupi. Zipange kwa tarehe ya mwisho, anza kujumlisha muda. Jumla ikivuka muda uliopo, toa ile ndefu kuliko zote ulizokwisha kuziweka.

Ukiifuata Jumanne hii, Kiswahili dakika 22, figo 38, Hesabu 60: jumla 120 dhidi ya 110. Kanuni inasema itoke Hesabu.

Hapo mwanafunzi yeyote wa Tanga atacheka. Itoke Hesabu, halafu mgongo ni wa Moore?

Na si fimbo tu. Kanuni inaona kazi kama vitu vilivyo kamili au havipo, na inazihesabu zote sawa. Kazi ya shule haiko hivyo. Maswali 10 ya takwimu si kitu kimoja. Mara nyingi la 1 mpaka la 4 ni aina moja, la 5 mpaka la 8 ni aina ya pili, mawili ya mwisho ndiyo yenye mtego. Anayefanya la 1, la 5 na la 9 kwa dakika 25 amekutana na kila aina. Anayefanya la 1 mpaka la 6 kwa muda huohuo ameirudia aina ya kwanza mara nne na hajauona mtego.

Kwa hiyo ninaichukua nusu ya Moore. Ndefu ndiyo inayokatwa, ndiyo. Lakini inakatwa, haitupwi, na mahali pa kukata hupatikana kwa kuyasoma maswali yote kwanza.

Je, mwalimu atakubali maswali matatu? Inategemea yanavyoletwa. Kurasa tupu ni uvivu machoni pa mwalimu yeyote. Swali lililoanzwa, likafika mstari wa tatu, likapigwa mstari chini na kuandikwa "nimekwama hapa, sielewi namba hii imetoka wapi", ni kitu kingine. Mwanafunzi akiwahi kabla ya kipindi na kusema, "Shikamoo mwalimu, nimefanya la 1 na la 5, la 9 limenikwamisha hapa, naomba unielekeze," walimu wengi wanashika chaki. Si wote. Kwa yule asiyeshika chaki, mwanafunzi amalize maswali 10 na kukata kuhamie kwenye figo: achore na kutaja sehemu kuu, rangi na kivuli aviache.

Ile isiyopiga kelele

Kemia haijatolewa kama kazi. Hakuna atakayekusanya daftari Jumatano asubuhi. Ndiyo maana kwenye daftari la kazi la wanafunzi wengi haimo kabisa, wakati ndiyo itakayopewa alama na kuandikwa kwenye ripoti.

Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walionyesha mwaka 2018 kwamba watu huchagua kazi yenye malipo madogo kwa sababu tu imewekewa muda wa mwisho, na kuiacha yenye malipo makubwa isiyo na haraka, hata pale haraka hiyo ilipokuwa ya kubuni tu. Kwa hiyo kusema "Kemia ni muhimu" hakusaidii. Anajua kwamba ni muhimu. Inabidi Kemia nayo ipewe tarehe.

Itokeje dakika 60? Ikatwe tatu: 20 Jumanne, 20 Jumatano, 20 Alhamisi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo siku moja kabla ya kujipima. Anayeisubiri Alhamisi usiku analipa karibu mara mbili kwa bidhaa ileile.

Na dakika hizo 20 zisiwekwe mwisho wa usiku, maana mwisho wa usiku haufiki. Nafasi yake ni kati ya magharibi na chakula, nje ya zile 110. Hapa kuna ukweli mchungu: mwanafunzi akiwa msichana, kaka zake wanaipata nafasi hiyo barazani, yeye yuko jikoni na mbuzi ya nazi. Kwake kazi ibadilike umbo. Karatasi ndogo yenye maswali 5 ibandikwe ukutani au ishikwe na mdogo wake amuulize: moli 1 ya maji ina gramu ngapi? Gramu 36 ni moli ngapi? Gesi ya moli 1 kwenye hali sanifu inachukua ujazo gani? Anajibu kwa mdomo, nazi inaendelea: 18, moli 2, desimita 22.4 za ujazo. Hesabu ndefu zenye kubadili vizio zinasubiri kalamu, lakini hizi fupi hazihitaji meza wala taa. Umeme ukikatika pia, ndiyo kazi ya kufanya.

Noti

Sasa Historia yenyewe.

Siwalaumu walimu kwa noti. Vitabu havitoshi, na daftari la noti ndicho kitabu pekee ambacho mtoto atakuwa nacho siku ya mtihani. Ninacholalamikia ni saa inayotumika. Kunakili kurasa 6 ni kazi ya mkono. Kuifanya saa 2 usiku, kichwa kikiwa bado kina nguvu, huku Hesabu ikisubiri saa 4, ni kupanga kinyume kabisa.

Noti zinanakiliwa kwenye mabaki ya muda: kipindi ambacho mwalimu hakuingia, dakika 15 za mapumziko, Jumamosi mchana, Jumapili. Zinaweza kukatika popote bila hasara. Hesabu ikikatika katikati ya swali, unaanza upya.

Jambo la pili ni kwamba kunakili kunadanganya. Mkono ukichoka mtu anadhani amesoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine wakakisoma tena, wengine wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42.

Mitihani yetu iko upande wa wiki, haiko upande wa dakika 5. Basi kila ukurasa wa noti ukimalizika, daftari la rafiki lifunikwe na mistari 3 iandikwe kwa kichwa, kwa penseli, chini ya ukurasa. Dakika 2 tu. Mwalimu wa kukagua hataikataa mistari hiyo, na yule anayekopi bila kuelewa ataumbuka mwenyewe mapema, peke yake, bila kadamnasi.

Somo lipi lina uzito?

Nilisema uzito ugawanywe kwa muda, sikusema uzito unatoka wapi. Kwa kidato cha nne jibu moja liko kwenye madaraja ya Baraza la Mitihani. A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Pointi zinakwenda 1 ya A mpaka 5 ya F, chache ndizo bora, masomo 7 yaliyo bora yanajumlishwa, na divisheni ya kwanza inaishia pointi 17.

Angalia C. Inaanza 45 na kuishia 64. Mwanafunzi anayetoka 46 mpaka 62 ameongeza alama 16 na pointi zake hazikusogea. Jirani yake aliyetoka 63 mpaka 65 kaongeza alama 2, kapata B. B nne na C tatu ni pointi 17, divisheni ya kwanza. B tatu na C nne ni 18, divisheni ya pili. Tofauti yao yote ni somo moja lililovuka mpaka.

Kwa hiyo Agosti na Septemba, mtahiniwa aliye na 61 kwenye Jiografia na 50 kwenye Uraia anapata zaidi akiipa Jiografia saa yake ya ziada. Hii ni hesabu ya kibepari, nakubali. Na siipendekezi hata kidogo kwa kidato cha pili. Huko chini Hesabu na Kiingereza vina uzito kuliko pointi zake, kwa sababu Fizikia inakopa kutoka Hesabu na kila somo linakopa kutoka Kiingereza; anayeviacha kwa sababu "bado niko mbali na mpaka" atalipia kidato cha tatu kwenye masomo matano kwa pamoja.

Wazazi mara nyingi hutazama ripoti na kusema, "Mwanangu, shikilia hapo penye F." Wakati mwingine wako sahihi: 24 kwenda 30 ni alama 6 tu na pointi inasogea. Wakati mwingine F hiyo ni ya somo la nane au la tisa ambalo halitahesabiwa kwenye saba bora. Ulizeni kwanza.

Usiku wenyewe

Kazi inaanza darasani, si mkekani. Kabla ya kufunga begi, ukurasa mmoja wa nyuma ya daftari unaandikwa kazi zote: somo, swali la ngapi mpaka la ngapi, siku ya kukusanya, na kifaa kinachotakiwa. Wanaoandika "Hesabu" peke yake ndio wanaopita kwa majirani saa 3 usiku kuuliza zoezi lipi.

Safu ya kifaa ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayovunja usiku. Kitabu cha Biolojia kinachotumiwa na watu watatu lazima kirudi leo. Basi figo inachorwa kwanza, hata kama si ngumu na hata kama si ya haraka kuliko nyingine. Kazi iliyotumwa kwenye simu ya baba inasubiri baba arudi, na bando liwepo. Kinachotegemea mtu mwingine kinatangulia au kinapangiwa saa ya mtu huyo.

Akikaa chini, dakika 6 za kwanza anafungua kila daftari kwa dakika moja bila kuandika kitu. Anatafuta mahali atakapokwama. Akigundua saa 2 na dakika 5 kwamba swali la 9 halieleweki, bado anaweza kumuuliza dada wa nyumba ya pili. Akigundua saa 4 kasorobo, ni chini ya mwarobaini.

Halafu kazi moja fupi ya kupasha. Halafu ngumu kuliko zote, na saa ya kuisimamisha iandikwe kabla ya kuianza: "Hesabu, mwisho 3:10." Ikifika 3:10 anasimama hata kama yuko katikati, anaandika alipokwama, anahama. Hili ndilo gumu kuliko yote. Watoto wenye bidii ndio wanaoshindwa kuliko wavivu. Wanaona aibu kuacha swali, wanakaa nalo dakika 50, na madaftari matatu yanalala na njaa. Mwenye bidii ya namna hiyo anahitaji mtu mzima amwambie waziwazi kwamba kuacha kunaruhusiwa.

Na nyumbani lipatikane jambo moja tu. Si chumba, si meza. "Mama, naomba nisiitwe mpaka saa 3 na dakika 10, nikitoka hapo vyombo vyote naosha mimi." Saa moja bila kuitwa inazidi saa mbili zilizokatwakatwa, na mama akipewa saa kamili ya mwisho hukubali kwa wepesi kuliko akiambiwa "nasoma".

Ramadhani inageuza yote haya. Baada ya futari na tarawehe hakuna Hesabu inayoingia. Ngumu ihamie baada ya daku, usiku ubakie wa noti.

Chumba cha walimu

Yote hayo ni upande wa mtoto, na mtoto hawezi kuukarabati upande mwingine. Walimu sita wanatoa kazi Jumanne moja, na hakuna hata mmoja anayejua watano wengine wametoa nini.

Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyetumia miaka mingi kuzipima kazi za nyumbani Marekani, anatetea kipimo cha dakika 10 kwa kila mwaka wa shule, kwa masomo yote pamoja. Kidato cha tatu kwetu ni mwaka wa 10. Hiyo ni dakika 100 kwa usiku, karibu sawa na zile 110 za Makorora.

Jinsi ya kuzisimamia: kona ya juu kushoto ya ubao wa darasa ichorewe kisanduku kisichofutwa. Kila mwalimu akitoa kazi, kiranja anaandika somo, siku ya kukusanya na dakika alizotaja mwalimu mwenyewe. Anayeingia kipindi cha 6 na kukuta 90 zimeshajaa kwa kesho anasogeza yake mbele siku moja.

Kinachoharibika kinajulikana. Mwalimu anayehitaji nafasi ya mchoro hufuta kona. Wengine hutaja dakika 10 kwa kazi ya 40. Na kiranja wa miaka 16 hawezi kumwambia mwalimu mkali, "Madam, imejaa." Ndiyo maana jambo hili likianzishwa na kiranja linakufa siku hiyohiyo. Lianzishwe na mwalimu wa darasa kikaoni, kwa mkondo mmoja tu, na mwalimu wa taaluma awe ndiye anayepita jioni kunakili jumla za kila siku. Wiki ya kwanza zitavuka 100 karibu kila siku. Ukomo usipandishwe. Jumla zibandikwe chumba cha walimu, jina la somo mbele ya kila dakika, na kikao kinachofuata kianze na karatasi hiyo.